Uzi Bila Fundo

Abiria wa Hamimu alikufa kichwa wazi kwenye barabara ya Kanyosha, mjini Bujumbura, na tangu siku hiyo Hamimu alikatazwa kubeba mtu asiyevaa kaske, ile kofia ngumu ya pikipiki. Kaske aliipata. Mtu wa kuivaa ndiye hakumpata.

Aliyekufa alikuwa Fatouma, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, katika soko la Jabe, mwanamke mfupi, mcheshi, aliyeogopa pikipiki kuliko risasi. Kila kona alimgonga Hamimu begani na kumuuliza, "Tumefika?" Siku ile pia aliuliza. Hamimu akageuza shingo amjibu, gurudumu likaingia shimoni, wote wawili wakarushwa. Hamimu, mwenye kaske, aliinuka akatema mchanga. Fatouma hakuinuka. Ulikuwa mwaka ambao mabomu yalitoka milimani yakaangukia paa za watu wakipika, kwa hiyo mwanamke aliyeuawa na shimo hakumshangaza mtu. Ndugu zake walisema ni kazi ya Mungu. Hamimu akanunua sanda, wakamzika kabla ya alasiri.

Ni Népomuscène peke yake, shefu, msimamizi wa parkingi ya pikipiki pale Jabe, aliyekataa kumwachia Mungu kila kitu.

"Damu ya vita inatutosha," alisema mbele ya madereva wote. "Ukitaka kusimama hapa tena, uje na kaske mbili. Moja yako, moja ya mutu wako. Kama apana, uza iyo pikipiki ununue mbuzi. Mbuzi haina abiria."

Madereva wakacheka. Hamimu alicheka nao, maana mtu akichekwa na wengi ni afadhali ajiunge.

Kaske ya pili aliipata kwa fundi mmoja nyuma ya soko. Hakuuliza imetoka wapi, na fundi hakumwambia. Miaka ile vitu vilizunguka mjini bila wenyewe. Ilikuwa nyekundu, kioo hakipo, na sponji yake ya ndani ilikuwa nyeusi kwa jasho la vichwa asivyovijua. Asubuhi ya kwanza alimnyooshea mama mmoja mwenye kikapu.

Mama akainusa kabla ya kuishika. "Kichwa ya nani imetoka humu?"

"Iko safi mama, nimepangusa."

"Umepangusa na nini? Na ulimi?"

Akapanda pikipiki ya jirani, isiyo na kaske wala maneno. Akaja mwanamume wa ofisi mwenye tai. "Baba, mapunye yangu mwenyewe inanitosha, sitafuti ya kuongeza." Naye akaenda. Wa tatu, kijana, aliivaa, akaitikisa, akaivua haraka kama aliyeingiza kichwa kwenye chungu cha mtu. Népomuscène alikuwa ameketi kwenye kigoda chake akitazama. Abiria akikataa kaske, habebwi na Hamimu. Sheria ile ilikuwa ya Hamimu peke yake, kwa sababu ni yeye peke yake aliyeua.

Neno hilo hakuna aliyelitamka. Lilikaa tu pale parkingini, kama mbwa anayejulikana na watu wote.

Mke wa Hamimu aliitwa Khadidja. Zamani alikuwa na cherehani, wakaiuza ili kuongezea kwenye pikipiki, ndipo alipobaki na sindano ya mkono. Na alikuwa na kazi nyingine isiyolipwa: pamoja na bibi mmoja aitwaye Mwavita, aliwaosha wanawake wa Kiislamu wa mtaani wanapofariki na kuwavika sanda. Fatouma aliyeangushwa na Hamimu, ni yeye aliyemwosha. Kichwa kile alikishika kwa mikono yake miwili, na alijua jiwe la barabara hufanya nini.

Hamimu alirudi adhuhuri mikono mitupu. Akaegemeza pikipiki ukutani, akaitundika kaske nyekundu kwenye usukani, akakaa kizingitini.

"Leo pia?" Khadidja aliuliza.

"Leo pia."

"Yasmina amekula kwa jirani. Anasema ameshiba."

"Ameshiba kweli?"

"Ameosha sahani ya watu ili ashibe, Baba Yasmina."

Hamimu akageuzia uso barabarani. Kutoka milimani ulisikika mngurumo mzito, kama mtu anayeburuta kabati kwenye chumba cha juu, wakati nyumba haina chumba cha juu. Walisubiri mpaka ukanyamaza.

"Niiuze," alisema Hamimu.

"Uiuze twende wapi? Wenzetu wana vilima, wana mihogo ya baba zao. Sisi watu wa mjini tuna nini? Baba yako alizaliwa hapahapa Buyenzi, babu yako kazikwa Buyenzi. Ukiuza pikipiki, tumeisha."

Ilikuwa kweli. Khadidja aliichukua kaske kutoka kwenye usukani, akaigeuza, akatazama ndani yake kwa muda mrefu. Akasema, "Watu hawaogopi hii. Wanaogopa aliyetangulia kuivaa. Tuwape kitu cha kuweka katikati."

Akashona vikofia vya kitenge chakavu, vya kuvaa chini ya kaske, kila abiria chake, vifuliwe kila jioni. Abiria wakavikataa navyo. "Rangi inaficha uchafu," walisema. "Ingekuwa nyeupe tungeona." Khadidja aliposikia hivyo aliweka sindano chini. Kitambaa cheupe kilikuwamo ndani. Kilikuwa kwenye sanduku, chini ya kanga zake za Idi.

Kilikuwa salio la sanda ya Fatouma. Hamimu, kwa hofu na aibu, alinunua kitambaa cha kumtosha mtu mrefu, na Fatouma alikuwa mfupi. Kikabaki kipande kikubwa. Bi Mwavita alimwambia Khadidja akipeleke msikitini kimngojee maskini mwingine. Akakichukua. Siku hiyo mvua ikanyesha, kesho yake kukawa na risasi, na baada ya hapo Khadidja alisahau, kwa namna ile mtu anavyosahau kitu anachojua kilipo.

Alikitoa mchana kweupe, mlango wazi, ili asijione mwizi. Akajiambia: kitambaa hiki tulikinunua sisi. Fatouma alichukua chake, hiki hakumgusa. Akajiambia tena: na kama kuna mtu ambaye angependa abiria wavae kaske, si Fatouma huyo?

Sanda haikatwi kwa mkasi, huchanwa kwa mkono. Khadidja akachana. Sanda haishonwi kwa uzi wa dukani, huchomolewa uzi humohumo kwenye kitambaa. Akachomoa. Na uzi wa sanda haupigwi fundo mwishoni, maana aliyekufa hafungwi, anasindikizwa. Kwenye kikofia cha tatu ndipo alipotazama vidole vyake akaona havikupiga fundo hata mara moja. Mkono ulikuwa umefuata njia uliyoizoea. Alifikiri kufumua. Yasmina alikuwa ameketi karibu, akilamba chumvi kwenye kiganja chake.

Khadidja hakufumua.

Vikofia vyeupe vilipendwa tangu siku ya kwanza. Yule mwanamume wa tai alikigeuza chake mbele na nyuma, akatafuta doa, akakosa. "Sasa umekuwa mustaarabu," alimwambia Hamimu, akavaa, na kaske juu yake. Wakaja akina mama wa Jabe, wakaja wanafunzi, wakaja watu wa Kinanira waliosikia kwamba kuna dereva anayewavalisha wateja kama hospitali. Népomuscène mwenyewe alisema, "Hamimu, ulikuwa wapi na akili hii?" Nyumbani walirudi kula ugali na ndagala, na Yasmina akaacha kuosha sahani za watu.

Mteja mkubwa kuliko wote alikuwa mwalimu Elvire, mwanamke Mkristo wa Kinanira aliyefundisha darasa la pili huku Jabe. Asubuhi Hamimu alimfuata kwake. Jioni Elvire alikuja kumngojea nyumbani kwa Khadidja, akakaa kwenye kigoda, akavua viatu, akala andazi na kusema bila kupumzika.

"Mama Yasmina, watoto wale wataniua kabla ya vita! Leo nimeuliza mbili na mbili, moja ananiambia, madame, inategemea ni mbili gani."

Khadidja alimpenda. Kikofia chake alikiwekea alama ya uzi wa buluu, na Elvire hakukirudisha kwa Hamimu kama wengine, alikwenda nacho kwake.

Lakini kulikuwa na mambo. La kwanza Khadidja aliliona beseni likiwa mbele yake. Bujumbura ya kiangazi ni vumbi tupu; mtu akipangusa uso, leso inakuwa nyekundu. Vikofia vilikuwa vimekaa kwenye vichwa vyenye mafuta na jasho tangu alfajiri. Akavitia majini, akasugua, akakamua. Maji yalibaki kama yalivyotoka bombani. Akasugua tena kwa sabuni nyingi. Povu likawa jeupe, likayeyuka, maji yakabaki maangavu, akauona uso wake chini. Kesho yake ikawa vilevile. Akamwaga maji yale mbali na mlango, na hakumwambia mtu.

La pili alilisema Hamimu, akila, macho kwenye sahani.

"Abiria hawasemi siku hizi."

"Si vizuri? Zamani ulilalamika kwamba wanakupigia kelele sikioni."

"Wananyamaza kabisa. Naweza kufika Kanyosha sijasikia hata kikohozi. Nashuka, nageuka, naangalia kama mtu bado yuko."

"Na yuko?"

"Yuko. Ananitazama kama nimemwamsha." Akaweka tonge chini. "Halafu wananigonga. Hapa." Akagusa bega lake la kushoto. "Wote, Mama Yasmina. Yule mwenye tai, wale wasichana wa shule. Kwenye kona. Hapa hapa."

Khadidja akainuka kuchukua maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

La tatu lilitoka kwa Elvire mwenyewe, jioni, akifunga viatu vyake. "Mama Yasmina, hii kaske yenu iko na mambo."

"Mambo gani, mwalimu?"

"Ndani yake ni kimya. Juzi walipiga bomu karibu na sisi, watu wakalala chini, mi sikusikia. Nilisikia kitu ingine. Kama mutu iko mbali anauliza swali." Akacheka, lakini alicheka kidogo. "Niko mwalimu, naota maswali hata kwa pikipiki."

"Anauliza nini?"

"Mana yanje, Mungu wangu, umetoa macho! Ni upepo tu. Anauliza kama tumefika."

 Elvire hakuwahi kumjua Fatouma. Kule Kinanira hakuna aliyemjua Fatouma.

"Na unaogopa?" Khadidja aliuliza.

Elvire alifikiri. "Apana. Mi naogopa nikiwa nyumbani. Mule ndani siogopi. Nashika bwana wako kwa nguvu, basi, nanyamaza." Akakivaa kikofia, akaiweka kaske juu, akaifunga kidevuni. Na hapohapo, mbele ya macho ya Khadidja, mazungumzo yakamtoka usoni kama taa inayozimwa. Akaenda kupanda taratibu, mgongo umenyooka.

Khadidja alibaki uani na vikofia vilivyoanikwa. Hapakuwa na upepo. Vilining'inia vimejaa kidogo, vya mviringo, kama kuna kitu kimeazima nafasi ndani yake.

Bi Mwavita alikuja Ijumaa kumchukua Khadidja wakaoshe maiti. Bomu lilikuwa limeangukia jiko la watu. Alisimama uani akimngojea Khadidja avae, mkono mmoja kiunoni, na kwa kupitisha wakati akashika kikofia kimoja kwenye kamba. Akakipindua. Akatafuta mwisho wa uzi kwa ukucha, akaushika, akavuta. Uzi wote ukatoka, mrefu, bila kukwama popote, na kikofia kikafunguka mikononi mwake kama ua.

Khadidja alitoka akamkuta hivyo.

"Fundo liko wapi?" aliuliza Mwavita.

"Bibi..."

"Nakuuliza. Mikono hii niliifundisha mimi. Fundo liko wapi?"

Khadidja aliutazama uzi mkononi mwa bibi.

"Na kitambaa ni cha nani? Nilikwambia ukipeleke msikitini."

"Ni cha Fatouma."

Mwavita alikaa kwenye kigoda cha Elvire bila kukaribishwa. Alikuwa amewaosha watu wa vita, wa kipindupindu na wa uzazi, na Khadidja hakuwahi kumwona akitafuta pa kukaa. Sasa alikuwa ameketi, kikofia kilichofunguka magotini.

"Unawavika watu sanda wakiwa hai, kisha unawapeleka barabarani."

"Bibi, bila vikofia hawavai kaske. Wasipovaa kaske wanakufa. Si ulikiona kichwa cha Fatouma? Si tulikiosha pamoja?"

"Nilikiona."

"Basi niambie kosa langu. Tangu wavae hakuna aliyeumia. Hata mkwaruzo."

"Wanasema nini wakivaa?"

Khadidja akaanza kufunga kanga yake upya.

"Nakuuliza, binti. Wanasema nini?"

"Wanasikia mtu anauliza kama tumefika."

Mwavita akafumba macho, akasoma kitu kwa midomo. Alipofumbua alisema polepole, "Fatouma hajafika, na nguo yake iko njiani na watu asiowajua, kila siku, kwenda na kurudi. Utafikaje nguo yako ikiwa bado inasafiri? Vizike leo. Vyote. Na kwa maiti wa leo usije, nitatafuta mwingine."

"Na tutakula nini?"

"Shona vingine. Kwa kitambaa cha mtu aliye hai, uzi wa dukani, na fundo." Aliinuka. "Kichwa kikivunjika barabarani, hilo ni la Mungu. Kikivikwa sanda kabla ya siku yake, hilo ni lako wewe."

Ukiyasikia ukiwa umeshiba, maneno hayo ni mazuri.

Vya sandukuni na vya kambani Khadidja alivizika alasiri hiyo kando ya kaburi la Fatouma. Udongo ulikuwa mgumu, akauchimba kwa mwiko. Kimoja kilikosekana, cha uzi wa buluu.

Elvire alipokuja jioni na kuketi, Khadidja alimwambia, "Mwalimu, nipe kikofia nikufulie."

"Iko safi. Tazama. Haichafukagi, sijui unatumia sabuni gani."

"Nipe tu."

"Na nitavaa nini sasa, kwenda nyumbani?"

"Leo vaa kilemba chako ndani. Kesho nitakupa kipya. Kizuri zaidi."

Elvire alikitoa mfukoni kwa unyonge, kama mtoto anayenyang'anywa. "Hii nimeizoea, Mama Yasmina. Nalala nayo, usicheke. Risasi zikianza, navaa nalala." Akakiweka kwenye kiganja cha Khadidja. "Kesho kweli?"

"Kesho."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Khadidja angeweza kusema: hii ni sanda, mwalimu, nisamehe. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini aliona parkingi nzima ikicheka, akamwona Népomuscène akisimama kutoka kwenye kigoda chake, akaona pikipiki ikiuzwa. Akasema, "Kunywa chai, itapoa."

Usiku alitoa shuka yake nyeupe ya kusalia, akaikata kwa mkasi. Alfajiri akakizika kile cha uzi wa buluu kando ya vingine, kisha asubuhi akashona kikofia kipya cha Elvire kwa uzi wa dukani, na kila alipomaliza mshono alipiga fundo, kisha fundo juu ya fundo, mpaka kingo zikawa na vinundu kama ngozi yenye upele. Hamimu hakuweza kungoja. Alipofika parkingini bila vikofia, watu waliikataa kaske palepale, kana kwamba hawakuwahi kuivaa.

"Iko wapi ile nyeupe?"

"Mama Yasmina anafua."

"Basi akimaliza kufua utatubeba."

Akaondoka bila abiria hata mmoja, akapanda Kinanira kumchukua Elvire. Hilo ndilo lililokuwa limebaki.

Elvire alitoka ametengeneza nywele. Dada yake Béatrice, aliyeishi naye, alikuwa amemsuka jana hiyo mpaka kiza, misuko myembamba, na kilemba kingeziharibu. Alitazama ndani ya kaske, akaona ile sponji nyeusi, mara ya kwanza kuiona kwa mwanga wa asubuhi, bila kitu katikati.

"Iii! Kumbe ndiyo nilikuwa naingiza kichwa humu?"

"Vaa leo tu, mwalimu. Mama anakushonea."

"Apana, bwana. Nitaishika mkononi. Tukikaribia parkingi naiweka juu, shefu wako ataona kaske, basi."

Hamimu alijua jibu alilopaswa kutoa. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote Bujumbura. Lakini kama Elvire naye angeshuka, siku ingekuwa imekwisha kabla ya kuanza.

"Shika sana basi," alisema.

Njia nzima Elvire alisema. Ilikuwa kama mtu aliyetoka kifungoni. Alisimulia habari za watoto, akaiga sauti ya mkaguzi wa shule, akacheka mwenyewe. Mkono mmoja ulibeba kaske, mwingine ukachora hewani, na hakuna uliomshika Hamimu. Hamimu naye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu vikofia vianze. Begani hakugongwa, na kichwani mwake alimshukuru Mungu kwamba yale mambo yameisha.

Mbele yao liliteremka lori lililopakia mali za watu wanaohama, vitanda, masufuria, mbuzi, magodoro juu kabisa. Siku hizo malori kama hayo yalikuwa mengi. Kamba ikakatika. Godoro moja likateleza, likaanguka katikati ya njia, polepole, kama mtu anayetandika.

Hamimu alipinda, pikipiki ikalala. Yeye aliangukia godoro. Elvire aliangukia jiwe la ukingo wa mtaro.

Mtu alikuja mbio kwa Khadidja akiita kutoka mbali. Alimkuta kizingitini, uzi mdomoni, anafunga fundo la mwisho.

Elvire hakufa. Hospitali walimzungushia kichwa bendeji nyeupe mpaka juu ya nyusi, wakasema anaishi. Khadidja alikwenda siku ya kwanza ya wageni. Hakuwa na cha kupeleka, akapeleka kile kikofia kipya chenye mafundo. Béatrice alikuwa ameketi kando ya kitanda akifukuza nzi kwa daftari la shule.

"Wewe ndiye wa vikofia?"

"Ndiye."

"Alikuwa anakilalia. Kila usiku." Béatrice hakupandisha sauti. "Kilikuwa safi. Hakijatoboka. Mulimunyang'anya kwa nini?"

Khadidja akasema yote, amesimama, mbele ya wagonjwa wa vitanda vingine. Alitaja sanda, akamtaja Fatouma, akasema habari ya fundo. Béatrice alisikiliza mpaka mwisho, akaacha kufukuza nzi.

"Ni hilo tu?" alisema. "Mama, ingekuwa sanda ya dunia yote ningemuvalisha. Ningemuvalisha ya baba yangu. Munatuokoa, halafu munaona haya, munatuvua? Sasa muone haya na hii."

Khadidja akakiweka kikofia pembeni ya mto. Akainama kitandani. Macho ya Elvire yalikuwa wazi, yakitazama dari.

"Mwalimu. Ni mimi, Mama Yasmina."

Mkono wa Elvire ukainuka kutoka kwenye shuka. Ulipapasa hewani, ukalipata bega la Khadidja, la kushoto, ukaligonga.

"Tumefika?" aliuliza.

"Tangu alipoamka," alisema Béatrice. "Hana neno lingine. Mchana na usiku. Mimi humwambia bado. Ukimwambia ndiyo, anaanza kuvua bendeji."

Gharama yake ndiyo hii. Elvire hafundishi tena. Béatrice anamlisha kwa kijiko na kumgeuza ubavu, akaacha kibanda chake cha nguo kwa ajili hiyo. Pikipiki iliuzwa, pesa zake zikaishia zote kwenye dawa, na dawa zikaisha bila neno la pili kutoka. Hamimu anasukuma mkokoteni soko la Jabe, na akisikia nyayo nyuma yake anakwenda pembeni kumpisha mtu. Bi Mwavita anaosha na mwanamke mwingine. Yasmina aliacha shule akaanza kuosha sahani, sasa kwa mshahara. Khadidja anasalia kwenye shuka iliyokatwa kona. Kikofia chenye mafundo hakijavaliwa na mtu. Na ile kaske nyekundu Népomuscène aliirudisha mwenyewe, akaiweka kizingitini bila kubisha hodi: nzima, haina hata mkwaruzo.